Barua ya Wazi kwa Bodi ya Huduma za Maktaba: Turuhusuni Tuongoze Maktabani

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninakuandikia kutoka Karatu nikiwa mwongoza watalii, na ombi langu ni moja: Bodi yako ituruhusu waongoza watalii tujitolee kuwatembeza wanafunzi na wananchi ndani ya maktaba za umma, tukianzia Maktaba ya Mkoa wa Arusha, mji ambao safari zetu nyingi huanzia.

Masika ikikolea, Aprili na Mei, magari yanayopanda kuelekea Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, hupungua sana, na watu wanaojua kueleza hubaki majumbani. Kazi yetu ni kumpokea mgeni asiyejua pa kuanzia, kumfahamisha masharti ya hifadhi bila kumtisha, kisha kumwonyesha ambacho peke yake asingekiona. Maktabani hitaji ni hilohilo. Mtoto ambaye kwao hakuna kitabu zaidi ya cha darasani hupokewa na tangazo la kukaa kimya. Namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu hazimwambii kitu. Hufungua daftari alilokuja nalo, akajisomea mtihani, akaondoka bila kugusa rafu. Hilo linaniuma.

Mpe mtoto huyo mtu wa kumwongoza. Mimi ningeanza na ya kwao: Oldupai, ambako mtafiti Mary Leakey aliona fuvu la kale la Zinjanthropus Julai 1959, na Laetoli, kwenye nyayo za watu wa kale za miaka milioni 3.6 iliyopita. Halafu tungeingia kwenye rafu. Kwa mpangilio wa Dewey, unaovipa vitabu namba kwa mada, masalia ya binadamu wa kale yako 569.9, wanyama wanyonyeshao 599, historia ya Tanzania 967.8, na fasihi ya Kiswahili, akiwamo Shaaban Robert, 896.392. Akishajua njia hizo, hanihitaji tena. Atatafuta mwenyewe, hata mambo ambayo mimi siyajui. Na bibi aliyemleta mjukuu, kama Kiswahili kinampa shida, ataelezwa kwa Kiiraqw, Kidatoga au Kimaasai, kwa kuwa miongoni mwetu wapo wanaozizungumza lugha hizo tangu utotoni.

Jambo hili si geni duniani. Library of Congress ya Washington, Marekani, hutumia watu wa kujitolea kuwatembeza wageni wake.

Wakutubi wenu wamesomea kazi yao, wengine katika chuo cha Bodi kilichopo Bagamoyo, nasi hatutaki kushika nafasi zao. Ningekuwa wa kwanza kupinga kama kujitolea kwetu kungefanywa sababu ya kutoajiri wakutubi. Wao ndio watufundishe, watupime, na wamkatae asiyefaa, hata kama huko porini ana sifa kubwa. Tupewe vitambulisho. Watoto waje na mwalimu wao, wasiachwe peke yao na mtu yeyote. Na kila anayejitolea arudishiwe nauli, la sivyo watabaki wenye uwezo tu.

Sheria ya mwaka 1975 imeikabidhi Bodi jukumu la kuanzisha na kuendeleza maktaba za umma nchini, kwa hiyo ruhusa hii iko mikononi mwako. Tunaomba barua ya idhini, mkutubi mmoja wa kutufundisha, na siku moja kwa wiki katika masika ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwongoza watalii, Karatu