Povu la Zimamoto na Maji ya Chemchemi Zetu

Kurasa za afya kama huu zimeimba wimbo mmoja kwa miaka mingi: chemsha maji, yafunike, nawa mikono kwa sabuni. Ushauri huo ni mzuri na haujapitwa na wakati. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu bado ni adui wa watoto wetu, na mama anayechemsha maji kila jioni anafanya kazi kubwa kuliko sindano nyingi za zahanati.

Lakini uko uchafu ambao sufuria haiuwezi. Tena ukichemsha unauongezea nguvu, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na uchafu wenyewe hubaki palepale. Dawa ya klorini haiui kitu hapo, maana hakuna kijidudu cha kuua. Jua nalo haliusaidii. Nataka kuzungumzia uchafu huo, ambao asili yake mara nyingi ni kitu kinachokusudiwa kuokoa maisha, yaani povu la kuzimia moto kwenye viwanja vya ndege.

Kwanza tulitendee haki povu lenyewe. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji matupu. Petroli huelea juu ya maji, na ukiumwagia maji moto huo unausambaza tu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani walibuni dawa ambayo ikichanganywa na maji hutoa povu linalotandaza utando mwembamba juu ya mafuta, ukazuia mvuke wake usikutane na hewa. Moto hufa katika muda mfupi. Anayekumbuka lori la mafuta lililolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, likaua watu zaidi ya 100 waliokuwa wakichota petroli, hawezi kudharau dawa kama hiyo. Hali kadhalika, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 walifariki, na wavuvi ndio waliofika mwanzo kuokoa. Taifa zima lilijiuliza kuhusu vifaa vya uokoaji kwenye viwanja vyetu. Kwa hiyo ni haki kabisa kudai magari ya zimamoto. Nami nayadai.

Shida iko katika kemikali zilizotiwa ndani ya povu la aina ile. Huitwa kwa kifupi PFAS, nazo ni jamii kubwa ya kemikali zenye florini iliyoshikamana na kaboni kwa nguvu sana. Wadudu wa udongoni hawawezi kuutenganisha muungano huo, wala jua, wala tumbo la binadamu. Ndiyo sababu wengine wameziita kemikali za milele. Mbili zinazojulikana zaidi ni PFOS na PFOA. Askari wa zimamoto anapofanya mazoezi kwenye udongo mtupu, akawasha moto shimoni na kuuzima kwa povu, wiki hii, mwezi ujao na mwaka ujao, povu lile hukauka machoni petu tu. Mvua hulishusha chini hadi kwenye maji ya ardhini, na maji ya ardhini hutembea polepole kufuata mteremko hadi yatokee mahali fulani kama kisima au chemchemi.

Jambo hilo limetokea, tena katika nchi inayosifika kwa usafi. Kusini mwa Uswidi, katika wilaya ya Ronneby, upo mji mdogo uitwao Kallinge, kando ya kiwanja kinachotumiwa na ndege za jeshi na za kiraia. Kwa miaka mingi povu lilitumika pale kwa mazoezi. Jirani ulikuwapo mtambo wa maji wa Brantafors, uliochota maji ya ardhini na kuhudumia karibu theluthi moja ya kaya za wilaya. Maji yalikuwa maangavu, matamu, hayana harufu. Watu waliyanywa, wakapikia, wakachanganyia maziwa ya watoto. Mwezi Desemba 2013 yalipimwa, yakakutwa na takriban nanogramu 8,000 za PFOS katika kila lita, mbali na jamaa zake wengine. Mtambo ulifungwa mara moja, lakini watu walikuwa wameyanywa tangu miaka ya 1980.

Nanogramu ni kipimo kidogo mno, na mtu anaweza kudhani ni mzaha. Basi tupige hesabu. Mwaka 2024 Serikali ya Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOS, na kiasi hichohicho kwa PFOA. Kwa kipimo hicho, gramu moja, ambayo ni kama chumvi ya kijiko kidogo isiyojaa, yatosha kufikisha kikomo katika lita milioni 250 za maji. Hayo ni maji ya malori 25,000 ya lita elfu kumi kila moja. Maji ya Kallinge yalikuwa na PFOS mara 2,000 ya kikomo hicho.

Damu za wakazi zilipopimwa zilikutwa na kiasi kikubwa mara nyingi kuliko cha watu wa mji jirani wa Karlshamn. Na PFOS ikishaingia mwilini hutoka kwa uvivu mno: nusu yake tu ndiyo hutoka kwa miaka mitatu na ushei. Wakazi walikwenda mahakamani, na tarehe 5 Desemba 2023 mahakama ya juu kabisa ya Uswidi ikaamua kwamba kuwa na kiasi kikubwa hivyo cha kemikali hizo katika damu ni dhara la mwili lenyewe, hata kabla ya mtu kuanza kuugua. Uamuzi huo naupenda. Unasema kwamba haifai kumngoja mtu augue figo ndipo akubaliwe kuwa alikosewa.

Madhara yenyewe si ya kuanguka ghafula kama aliyekula uyoga wa sumu. Utafiti umeyahusisha na lehemu kupanda katika damu, watoto kuzaliwa na uzito pungufu, na saratani ya figo. Jambo ambalo akina mama wa kliniki wanapaswa kulisikia ni kwamba watoto wenye kemikali hizi nyingi mwilini hujenga kinga dhaifu zaidi baada ya chanjo. Mwezi Desemba 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitia PFOA katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na PFOS katika kundi la vinavyoweza kuisababisha. Kemikali hizi hupita pia katika maziwa ya mama. Hata hivyo mama asiache kunyonyesha kwa kusikia haya! Faida ya ziwa la mama kwa mtoto ni kubwa kuliko hofu hiyo, na Shirika la Afya Duniani linaendelea kuhimiza kunyonyesha. Tunalopaswa kusafisha ni maji anayokunywa mama.

Wapo watakaosema kwamba hizo ni shida za Wazungu, sisi huku hata maji yenyewe hatuna ya kutosha. Hoja hiyo naielewa, ila naipinga. Watu wa Ronneby walipofunga mtambo mmoja walikuwa na mwingine uliokuwa na maji safi, wakafungua bomba upande wa pili. Kijiji cha Kasulu kinachotegemea chemchemi moja kitafungua bomba gani? Mitambo ya kuchuja kemikali hizi ipo, hutumia mkaa maalumu wa kiwandani unaobadilishwa mara kwa mara, na gharama yake huwaumiza hata matajiri. Mkaa wetu wa jikoni si badala yake. Kwa maskini njia ya bei nafuu ni moja, nayo ni kutoyachafua maji tangu mwanzo. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wazee, na yakichafuliwa na florini hayazoleki vilevile.

Tena sisi Watanzania tumekwisha kuonja jambo la namna hiyo. Mwaka 1986 takriban tani 170 za dawa za kuua wadudu, ambazo sehemu yake ilikuwa imekwisha muda, ziliingizwa nchini kama msaada kutoka Ugiriki na kupelekwa shamba la Vikuge, wilayani Kibaha. Ziliwekwa bandani. Banda likaanguka, dawa zikalala hapo miaka kadhaa zikinyeshewa. Mabaki yalipokuja kuondolewa, udongo wenyewe ulikuwa umekwisha kunywa sumu, na watafiti waliopima baadaye walikuta DDT kwa wingi wa kutisha. Ulikuwa msaada! Mpokeaji hakuuliza maswali, mtoaji akapumzika na mzigo wake. Povu la zamani linaweza kuja kwa njia hiyohiyo, kwa sababu nchi zinazobadilisha dawa zao zina shehena za kuondoa, na gari la zimamoto lililotumika huweza kufika likiwa na dawa yake tangini. Zawadi hukaguliwa.

Turudi nyumbani. Nyanda zetu za Buha ni nchi ya vilima na mabonde. Kiwanja cha ndege hutafutiwa mahali tambarare, mara nyingi juu, na chemchemi hutoka chini ya mteremko, pale akina mama wanapochota na kuloweka mihogo. Kibondo ina kiwanja chake kidogo, na tangu wimbi la wakimbizi la miaka ya 1990 watu wengi mno wamekuwa wakitegemea vyanzo vilevile vya maji. Barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu inaleta malori ya mafuta na vituo vya petroli, na kila kituo chapaswa kuwa na vifaa vya kuzimia moto. Maendeleo hayo tuliyaomba wenyewe. Wakati wa kuuliza ni sasa, kiwanja kikiwa kidogo na chemchemi ikiwa safi, maana maji yakishapimwa kabla, hakuna atakayedai baadaye kwamba yalikuwa hivyo tangu zamani.

Sheria haitupi kisogo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm wa kemikali sugu mwaka 2004. PFOS iliingizwa katika mkataba huo mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019, na masharti ya mwaka huo wa 2019 yanakataza povu lenye PFOS kutumika kwa mazoezi. Mapovu yasiyo na florini yapo sokoni na viwanja vikubwa vya ng'ambo vinayatumia. Askari wetu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nao wanafaidika, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kulishika povu kwa mikono na kurudi nalo nyumbani kwenye nguo. Mazoezi yafanyike kwa maji, au kwa povu lisilo na florini, juu ya sakafu ya saruji yenye shimo la kukusanya maji machafu.

Kuna jambo dogo la nyumbani ambalo halihitaji waziri. Dumu gumu la lita 20 au 25 lililokuwa na dawa ya povu ni dumu zuri kwa macho, na sokoni dumu zuri halikosi mnunuzi. Usilinunue. Lisichotee maji, lisihifadhi mawese, lisitengenezewe pombe. Kulisuuza mara tatu hakutoshi. Mtungi wa povu uliokwisha muda nao usimwagwe shambani wala mtoni, urudishwe kwa aliyeuuza au kwa zimamoto.

Wala tusitiane hofu bure. Povu jeupe unaloliona mtoni baada ya mvua kubwa mara nyingi hutokana na majani yanayooza au sabuni ya wafuaji. Uchafu ninaousema hauonekani kwa macho, hivyo huonekana maabara tu.

Ndiyo maana naona jumuiya za watumia maji za Kibondo na Kasulu ziandike barua, kwa lugha ya heshima, zikimpelekea meneja wa RUWASA wa wilaya na nakala kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma. Ziulize kila gari la zimamoto na kila kiwanja cha ndege mkoani kina povu la aina gani, jina lililoandikwa kwenye dumu ni lipi, na mazoezi hufanyika wapi. Ziombe chemchemi zilizo chini ya viwanja vya ndege zipimwe PFAS pamoja na vipimo vya kawaida vya vijidudu, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, yenye tarehe na tarakimu, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuyasoma.