Bango Linalokula Mega za Msomaji

Tangazo la bango kwenye tovuti hugharimiwa na watu wawili. Mwenye duka hulipia nafasi, msomaji hulipia usafiri, kwa sababu kila kilobaiti ya tangazo hukatwa kwenye mega alizonunua kwa Vodacom, Airtel au Orange. Msomaji wa Katuba, mjini Lubumbashi, anayefungua habari za Radio Okapi kwenye simu haioni gharama hiyo mara moja. Akiwa Mitwaba, kaskazini mwa mkoa wa Haut-Katanga, mtandao ukilegea anaiona vizuri: habari imefika, pembeni pana kisanduku cheupe kinachozungusha duara. Ndiyo maana uchaguzi wa muundo wa bango linalocheza huanza na uzito, uzuri ukafuata.

Bango la kwanza kupata umaarufu halikucheza kabisa. Lilikuwa la AT&T, piseli 468 kwa 60, likawekwa kwenye tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994. Mchezo uliletwa na GIF, muundo uliotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987 na kuongezewa mwaka 1989 uwezo wa kupanga muda kati ya picha na picha. Kivinjari cha Netscape 2.0 kilipoiwezesha kujirudia bila kikomo, katikati ya miaka ya 1990, intaneti nzima ikaanza kumetameta.

GIF ni bunda la picha zinazofunuliwa moja baada ya nyingine, kila picha ikiwa na rangi zisizozidi 256. Hubana uzito kwa kusoma mstari wa piseli kutoka kushoto kwenda kulia. Mfuatano unaojirudia huandikwa kwa alama fupi. Tofauti inayotokana na hilo ni kubwa. Chukua bango la muuza unga wa bukari, piseli 300 kwa 250. Likiwa na usuli wa njano mtupu, herufi nyekundu na picha tatu tu (jina la unga, bei, namba ya simu), faili huwa nyepesi, hasa fundi akihifadhi kile kipande tu kinachobadilika. Akiweka badala yake picha halisi ya gunia linalozunguka, katika fremu kumi, kuna piseli 750,000 ambazo karibu hakuna zinazofanana na jirani zake. Faili hunenepa, na rangi za gunia bado hutoka na madoadoa. Mafundi wanaochora kuta za maduka na saluni, kwa rangi zao chache zilizoshiba, wangeiweza GIF kuliko wabunifu wengi wenye kompyuta.

Google nayo imeweka mipaka: bango la picha lisizidi kilobaiti 150, lisicheze zaidi ya sekunde 30, na GIF isipitishe fremu tano kwa sekunde. Mtu anayelalamika kwamba mipaka hiyo inambana huwa ameanza na gunia.

Flash, muundo mwingine wa kuchezesha mabango, haina haja ya maneno mengi. Ilitawala mabango kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, iPhone ikaikataa tangu 2007, Google ikaacha kuonyesha matangazo ya Flash Januari 2017, na Adobe ikaizima rasmi mwisho wa 2020. Ofisi ambayo bado ina faili za Flash kabatini ina kumbukumbu, haina matangazo.

Nafasi yake ilichukuliwa na HTML5. Hapa simu haipokei bunda la picha; inapokea maandishi, picha moja au mbili, na maelekezo ya kuzisogeza, kisha inachora yenyewe. Neno linaloteleza kutoka kushoto hadi kulia hugharimu mistari michache ya CSS, lisogee polepole au haraka. Hatari iko kwa fundi anayerundika maktaba za JavaScript na fonti tatu ili herufi moja iruke. Tangu 2020 Chrome huondoa tangazo linalovuta zaidi ya megabaiti 4 au linalochosha kichakata cha simu, mradi msomaji hajaligusa. Tena, si kila akaunti inaruhusiwa na Google kupakia HTML5. Historia ya akaunti hutazamwa kwanza. Kwa muuza unga anayeanza, basi, GIF ya picha tatu ndiyo chaguo la busara, ingawa wabunifu huicheka kwa uzee wake.

Video ya MP4 inaishinda GIF kwa mbali pale panapohitajika picha halisi zinazotembea, maana huhifadhi mabadiliko badala ya kurudia kila fremu. WebP inayocheza nayo ni nyepesi. Lakini zote mbili zinafaa zaidi pale mwenye tovuti anapouza nafasi mwenyewe: mitandao mingi ya matangazo hupokea GIF, JPG na PNG katika nafasi za bango, na simu za zamani huenda zisiifungue WebP.

Muundo wowote utakaochaguliwa, bango lililosimama ndilo la kutengenezwa kwanza. Opera Mini, kivinjari cha wanaobana mega, haichezeshi miondoko ya CSS ikiwa kwenye hali yake ya kubana zaidi. Hapo herufi iliyofichwa ikisubiri kuteleza huenda isionekane kamwe. Jina, bei na namba ya simu vinapaswa kusomeka kabla chochote hakijasogea, na vibaki pale mchezo ukikoma. Kumetameta zaidi ya mara tatu kwa sekunde kunakatazwa na miongozo ya kimataifa ya tovuti, kwa sababu kunaweza kumwangusha mwenye kifafa.