Nikeli ya Kabanga ipite kwanza darasani

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa Ngara, waya wa shaba niliouchomoa kwenye mota iliyoungua, mita ya umeme na barafu ya muuza juisi. Tunaupima waya ndani ya maji yanayochemka, kisha ndani ya barafu. Ukipoa, ukinzani unashuka. Na kila mwaka kuna anayeuliza: tukizidi kuupoza je, mwalimu?

Jibu ni kwamba si kila kitu hufuata shaba, na mfano wake uko karibu na kwetu. Kuna fuwele ya seriumu, nikeli na bati, CeNiSn. Nikeli iko Kabanga, humu wilayani, bati linachimbwa Kyerwa mkoani humu humu, seriumu imo Ngualla, Songwe. Fuwele hiyo huhesabiwa miongoni mwa vihami vya Kondo, kwa jina la Jun Kondo, Mjapani aliyeeleza mwaka 1964 kwa nini metali zenye atomi za sumaku huanza kuukinza umeme upya zikipozwa mno. Mwaka 1995 watafiti wa Hiroshima waliivunja ikiwa katika baridi kali, wakazipima elektroni zinazopenya ule ufa mwembamba, wakaliona pengo la nishati linalozizuia elektroni kupita. Mwaka 2017 wananadharia wakadai kwamba usoni mwake elektroni bado zina njia, iliyojisokota kama mkanda uliopindwa mara moja kabla ya kuunganishwa ncha.

Haya ndiyo ningependa yasikike tunapoizungumzia nikeli. Tunataja betri na bei, basi. Nilizaliwa Biharamulo; dhahabu ya mgodi wa huko, Tulawaka, niliijua kwa malori, fizikia yake sikuijua.

Njia ya kuyaleta darasani ipo: Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kuupeleka halmashauri. Waheshimiwa madiwani, madawati tunayahitaji, sikatai. Lakini safari hii tengeni chumba kimoja cha maabara, mita nzuri kumi na tangi la naitrojeni ya kimiminika. Si kitu kigeni: wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe huhifadhi mbegu ndani yake, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Hapo yule mtoto atautumbukiza waya wake na kusoma mita mwenyewe.