Deki ya CD: Usiache mbachao kwa msala upitao

Ndugu zetu wanaorudi nyumbani kutoka Ulaya na Marekani bado hufungasha deki za CD za bei kubwa katika mizigo yao. Wafanyabiashara wa mpakani nao huleta zilizotumika kutoka Dubai na kwingineko. Kwa kuwa fedha inayotumika ni ya jasho, nadhani wakati umefika tuambiane ukweli: wingi wa alama zilizobandikwa usoni mwa mashine si dhamana ya muziki mzuri.

Tukumbuke historia. CD iliingia sokoni Japani Oktoba 1982, ikiwa kazi ya Sony na Philips. Mwaka 1999 makampuni hayo hayo yalileta SACD, na mwaka 2000 washindani wao wakaja na DVD-Audio. Kila upande uliahidi sauti safi kuliko CD. Mnunuzi akaachwa abahatishe nani atashinda. Hakushinda hata mmoja. iPod ilitoka 2001, duka la iTunes likafunguliwa 2003, na watu wakazoea kubeba muziki mfukoni. DVD-Audio ilikufa. SACD imebaki kwa wachache, hasa wapenzi wa muziki wa klasiki na jazi.

Na sauti yenyewe je? Mwaka 2007 jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti ya Marekani lilichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha sauti ya diski hizo mpya na sauti ile ile iliyoshushwa hadi kiwango cha CD. Katika mara 554 walipatia mara 276, sawa na kurusha shilingi. Wapo wanaoyabishia matokeo hayo, lakini mimi sioni kwa nini mtu alipe zaidi kwa tofauti ambayo masikio hayakuisikia.

Isitoshe, tutazame makabati yetu. Tuna Franco na TPOK Jazz kwenye CD za Sonodisc ya Paris, tuna taarab, tuna kwaya. Hizo ni CD za kawaida. Ukizitia kwenye mashine ya SACD zitabaki kuwa CD za kawaida. Anayenunua SACD bila kuwa na diski zake ananunua ahadi.

Kwa hiyo nionavyo mimi, chagua mashine inayocheza CD vizuri, kisha uangalie mambo haya.

Kwanza, umeme. Marekani hutumia volti 120 na Japani 100. Kwetu, kuanzia Kampala hadi Bujumbura, ni kati ya volti 220 na 240. Mashine ya volti 120 tu ukiichomeka ukutani itaungua siku hiyo hiyo, na transfoma ni gharama nyingine. Soma kibandiko cha mgongoni kabla ya kutoa fedha.

Pili, kama mashine inacheza na DVD za filamu, uliza namba ya eneo. Marekani ni 1, Ulaya Magharibi ni 2, nchi zetu ni 5. CD haina mipaka hiyo.

Tatu, jicho la leza huchakaa. Muulize fundi wako kama anaweza kulipata jingine. Mashine ya kifahari isiyo na vipuri ni pambo la kabatini.

Nne, nenda dukani na diski yako mwenyewe, na usisikilize wimbo wa kwanza pekee. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, hivyo usipofika wimbo wa mwisho hujaijaribu diski nzima.

Wafanyabiashara nao nawaomba jambo moja: andikeni volti kwenye kila mashine, kwa herufi kubwa. Najua wapo wanaoogopa kuwa mteja akisoma 120 ataondoka. Aondoke. Kesho atarudi kununua nyingine kwa sababu hukumdanganya. Yule aliyeunguza mashine ya akiba yake ya miaka kumi ughaibuni hatarudi, na atawaambia na wenzake.

Aina mpya zitaendelea kuja, na kila moja itatuambia kuwa tulichonacho hakifai. Tusiwe wepesi kuamini. CD uliyoinunua ni mali yako, haihitaji bando, na ikitunzwa watoto wataisikiliza. Deki nzuri ni ile itakayoicheza hadi siku hiyo.