MUUGUZI NA BILI, SEHEMU YA 5: Punguzo la kodi ya kaunsili likikatwa, nani analipa?

Sehemu ya 4 tulimaliza mambo ya jinsi ya kulipa kodi ya kaunsili. Leo sifundishi kulipa, leo natoa maoni yangu, na nayasema wazi: kaunsili za England zinapokata punguzo la kaya za kipato cha chini zinakosea. Najua wengi wenu hamkubaliani, maana meseji zenu nimezisoma. Hebu nivumilieni mpaka mwisho, halafu tubishane kwenye komenti.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Zamani kulikuwa na msaada wa kodi ya kaunsili uliokuwa na kanuni moja nchi nzima. Kama kipato chako ni kidogo sana, kodi yote inafutwa. Aprili 2013 serikali ikaufuta. Ikaziambia kaunsili za England kila moja itunge mpango wake, na hela ya kuuendesha ikapunguzwa kwa asilimia 10. Halafu ikaweka sharti: waliofikia umri wa pensheni wasiguswe. Scotland na Wales walibaki na utaratibu wao na hawakuwaangushia maskini wao lile pengo.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Hela imepungua, wazee hawaguswi, basi pengo lote linaangukia watu wa umri wa kufanya kazi wenye kipato kidogo. Ndani yake kuna mama anayelea watoto peke yake, kuna mgonjwa asiyeweza kazi, kuna mtu wa usafi anayepata saa 16 kwa wiki. Kaunsili nyingi zikaweka kiwango cha chini ambacho kila mtu wa umri huo lazima alipe, hata awe hana kitu. Na tangu hapo, kila bajeti ikibana, mpango huu ni moja ya sehemu za kwanza kuguswa.

Utasikia, "Asilimia 20 tu, hiyo nayo ni hela?" Haya, tuitazame. Mwaka 2025/26 wastani wa kodi ya daraja D kwa England ni pauni 2,280. Daraja A, la chini kabisa, linalipa theluthi mbili ya hiyo, yaani pauni 1,520. Mtu anayeishi peke yake anapunguziwa robo, inabaki 1,140. Asilimia 20 yake ni pauni 228 kwa mwaka, sawa na pauni 19 kwa mwezi. Mtu huyo akiwa na miaka 25 au zaidi na anaishi kwa Universal Credit, posho yake ya msingi mwaka huo ni pauni 400.14 kwa mwezi. Humo ale, alipe umeme na gesi, nauli, simu na sabuni. Toa 19. Ukishatoa, niambie atapunguza nini.

Mimi nitakuambia anachopunguza, kwa sababu sisi wauguzi tunaoingia majumbani tunakiona. Anapunguza kula na anazima hita. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini akiruka mlo, sukari inashuka, ambulensi inaitwa. Mwenye mapafu mabovu akikaa kwenye nyumba baridi na yenye ukungu, kifua kinambana na anarudi wodini. Kidonda cha mguu hakiponi kwa bandeji peke yake, kinataka chakula. Sasa hesabu: pauni 19 zimeingia kaunsili, na kitanda cha hospitali ni shilingi ngapi? Mfuko ni mwingine, lakini mlipa kodi ni yule yule.

Tuje kwenye deni. Ukikosa kulipa awamu moja, unaletewa barua ya kukumbushwa, una siku 7. Usipolipa, zikipita siku 7 nyingine unapoteza haki ya kulipa kwa awamu na kodi yote iliyobaki ya mwaka inadaiwa kwa mkupuo. Mtu aliyeshindwa 19 sasa anadaiwa mamia. Baada ya hapo ni mahakamani, na gharama za mahakama zinaongezwa juu ya deni. Kisha wanakuja madalali wa mahakama. Kwa ada zilizowekwa mwaka 2014, faili likifika kwao tu ni pauni 75, wakifika mlangoni ni pauni 235 nyingine. Jumla 310. Deni lenyewe lilikuwa 228! Yaani ada imelipita deni. Na sheria ya England bado inaruhusu mtu kufungwa hadi miezi 3 kwa kodi hii, wakati Wales waliondoa kifungo mwaka 2019.

Angalau kaunsili inapata hela yake? Hapo ndo pa kushangaza. Taasisi ya utafiti ya Institute for Fiscal Studies iliangalia jambo hili mwaka 2019, ikakuta takriban robo ya kodi hiyo ya nyongeza haikukusanywa. Kwa sisi tuliokulia Tanzania hili si geni. Mnaikumbuka kodi ya maendeleo, ile wazee waliyoiita kodi ya kichwa? Mgambo wakionekana, wanaume wanaingia porini. Ilifutwa mwaka 2003. Hata Waingereza wenyewe waliwahi kuweka kodi ya kichwa, England na Wales ikaanza 1990, na hata fukara kabisa alitakiwa alipe asilimia 20. Watu wakaandamana, wengine wakagoma kulipa, na mwaka 1993 ikabadilishwa kuwa hii kodi ya kaunsili tunayolipa leo. Ile asilimia 20 imerudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa tuje kwenye meseji zenu. Nyingi zinasema hivi: "Dada, mimi ni mhudumu wa wazee, mshahara wangu ni mdogo, viza yangu hainiruhusu kuomba msaada, nalipa kodi yote. Kwa nini mwingine asamehewe?"

Hoja hii naiheshimu, maana ina uchungu wa kweli. Ni kweli kwamba punguzo la kipato cha chini linahesabiwa kuwa fedha za umma, na ukiwa na viza yenye katazo hilo huruhusiwi. (Usilijaribu, utajiharibia. Punguzo la robo la kuishi peke yako halimo kwenye katazo, hilo liombe.) Ni kweli pia kwamba unamwosha na kumlisha mzee wa Kiingereza kwa mshahara mdogo, halafu bili ikija hakuna anayekuuliza kama utaiweza. Hiyo si haki. Lakini jiulize, jirani yako akikatiwa punguzo lake, wewe bili yako inashuka? Haishuki hata peni moja. Wewe umeonewa, yeye akionewa pia mnakuwa wawili mlioonewa. Tena siku ukipata ukaazi wa kudumu na ugonjwa ukakupiga, utaufikia mlango huo huo na kuukuta umefungwa, na wewe ulishangilia ukifungwa.

Kama tunataka kuuliza nani halipi sawasawa, tuangalie juu, tusiangalie chini. Madaraja ya kodi hii kwa England yanatumia bei za nyumba za mwaka 1991. Nyumba ya daraja A ilikuwa na thamani isiyozidi pauni 40,000. Daraja H ni zaidi ya 320,000, bila kikomo. Thamani inazidi mara 8 na zaidi, lakini kodi ni mara 3 tu. Na tajiri anayeishi peke yake kwenye jumba la daraja H anapata lile punguzo la robo bila kuulizwa kipato chake. Maskini ndiye anayejaza fomu na kuonyesha taarifa za benki.

Kaunsili nazo zina shida, sikatai. Gharama za kutunza wazee na watoto zimepanda mno, na Birmingham mwaka 2023 walitangaza rasmi kwamba hesabu haziwezi kukaa sawa. Lakini mtu akiwa na njaa haendi kukopa kwa mwenye njaa zaidi yake.

Na wasikwambie hakuna njia nyingine. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kaunsili ya Haringey, London. Kaunsili ilikuwa imeuliza wananchi maoni kuhusu kukata punguzo hili, lakini karatasi zake ziliandikwa kana kwamba hakuna mbadala. Mahakama ikasema hiyo haikuwa halali. Wananchi walipaswa kuelezwa kwamba zilikuwepo njia nyingine, kama kupandisha kodi kwa wote, kupunguza huduma fulani au kutumia akiba.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Kaunsili haiwezi kubadilisha mpango huu bila kuuliza maoni, na mara nyingi wanauliza kati ya majira ya joto na Desemba. Ukiona barua au tangazo, jibu. Huhitaji kuwa raia, wala huhitaji kuwa unapata punguzo hilo. Unaishi hapo na unalipa kodi hapo. Andika mistari mitatu: mmeangalia njia gani nyingine, mtakusanya kiasi gani kweli, na gharama ya kuwafuata wasio na kitu ni kiasi gani.

Na wewe ambaye tayari una deni na barua umezificha kabatini, zitoe leo. Piga simu kaunsili kabla ya siku 7 kuisha, omba mpango wa kulipa. Nenda Citizens Advice, hawakutozi. Kama unamtunza mtu mwenye dimensia, muulizeni daktari cheti, kwa sababu kuna punguzo la robo au msamaha wote kutegemea anaishi na nani, na wengi hawajui.

Sehemu ya 6 tutaongea madalali wa mahakama: akigonga mlango, ufungue au usifungue? Maswali yaacheni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.