Kutoka Viza ya Masomo hadi Viza ya Kazi: Yale Ambayo Familia Zetu Zinapaswa Kuyajua

Hapa Mkula, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Simiyu, akiba ya familia haikai benki. Iko zizini na katika shamba la pamba. Ndiyo maana kijana anapopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nchini Uingereza, habari hiyo huwa ya ukoo mzima. Ng'ombe huuzwa, baba wadogo na mashangazi huchangia, wanajumuiya humwombea, na Misa ya shukrani huadhimishwa kigangoni. Hesabu inayofanywa ni nyepesi: atasoma mwaka mmoja, atapata kazi huko huko, na ng'ombe watarudi zizini wakiwa wengi kuliko walioondoka.

Hesabu hiyo ina pengo, na pengo lenyewe liko kati ya siku ya mahafali na siku ya kuajiriwa. Nia yetu katika makala hii ni kulieleza pengo hilo, kwa kuwa familia isiyolijua humhukumu mtoto wake kwa kosa ambalo hakulitenda.

Tuanze na sheria zilivyo. Viza ya masomo ya Uingereza humruhusu mwanafunzi wa chuo kikuu kufanya kazi kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ni kazi ya kujikimu, si ya kujenga nyumba nyumbani. Akishahitimu, anaweza kuomba viza ya mhitimu, iliyoanzishwa tarehe 1 Julai 2021. Viza hii haidai awe na mwajiri. Humpa miaka miwili ya kutafuta kazi na kufanya kazi, au mitatu ikiwa amehitimu shahada ya uzamivu. Kwa wale watakaoiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, miaka hiyo miwili itapungua na kuwa miezi 18. Muda huo ukiisha hauongezwi. Aidha, kwa kawaida miaka ya viza ya mhitimu haihesabiwi katika safari ya kupata ukaazi wa kudumu kwa njia ya viza ya kazi.

Ili abaki baada ya hapo, kijana hana budi kuhamia viza nyingine, kwa kawaida ile ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na hapo ndipo mambo hubadilika. Hadi hatua hii alisonga mbele kwa bidii yake mwenyewe, kwa kufaulu mitihani na kulipa ada. Sasa bidii peke yake haitoshi, kwa maana ni lazima apatikane mwajiri mwenye leseni ya serikali ya kuajiri wageni, akubali kumpa cheti cha udhamini, na kazi yenyewe ikidhi masharti. Tangu tarehe 22 Julai 2025, kazi hiyo kwa kawaida inapaswa kuwa ya kiwango cha shahada. Mshahara usipungue pauni 41,700 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 100 za Kitanzania, au usipungue kiwango cha taaluma husika endapo ni kikubwa zaidi. Mhitimu anayeanza kazi anaweza kukubaliwa kwa mshahara wa kuanzia pauni 33,400, lakini nafuu hiyo haizidi miaka minne, na muda aliokaa kwa viza ya mhitimu huhesabiwa humo. Anayeitumia miaka yake miwili yote akihangaika na vibarua hubakiwa na miaka miwili tu ya nafuu.

Waajiri wengi wadogo hawana leseni hiyo, na walio nayo hulipa tozo kwa kila mgeni wanayemdhamini. Hivyo kijana anaweza kuwa hodari, akasifiwa kazini, na bado akaambiwa kwamba kampuni haidhamini. Hakuna aliyemchukia na wala hakuzembea. Daraja alilotakiwa kulivuka si mali yake.

Hata akilivuka, ruhusa yake ya kukaa hufungamana na mwajiri mmoja. Akiachishwa kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Wajibu wa dhamiri unaanzia hapo. Mtu ambaye makazi yake, kodi ya nyumba yake na matumaini ya ukoo wake yamo mikononi mwa bosi mmoja huogopa kulalamika anapodhulumiwa. Hufanya kazi saa zisizolipwa akanyamaza. Simu ya kutoka nyumbani inapoingia ikidai fedha za bati au za mahari, hunyamaza hata zaidi.

Kwa upande wa Marekani mlango umekuwa mwembamba zaidi. Mhitimu huko alizoea kupewa miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, na wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati akaongezewa miezi 24. Baada ya hapo ilibidi mwajiri amwombee viza ya kitaalamu inayojulikana kama H-1B, ambayo kwa makampuni mengi ina nafasi 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, pamoja na 20,000 za waliosoma shahada za juu nchini humo. Waombaji huzidi nafasi, hivyo huchujwa kwa bahati nasibu. Tarehe 19 Septemba 2025 Rais wa Marekani alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo, hasa kwa ajili ya wafanyakazi walio nje ya nchi. Kisha, kwa tamko la tarehe 16 Desemba 2025, Tanzania iliingizwa katika orodha ya mataifa ambayo raia wake wamewekewa vizuizi, na utoaji wa viza mpya za masomo kwao ukasitishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Mzazi anayeshawishiwa leo kulipa fedha ili mtoto aende kusoma huko aulize kwanza habari hiyo.

Je, tuyahukumu mataifa hayo kuwa hayana huruma? Mama Kanisa hutufundisha kupima kwa mizani ya haki. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alitaja kuhama kwa sababu ya haki miongoni mwa haki za binadamu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuondoka katika nchi yake kutafuta maisha na haki ya kurudi, na kwamba mhamiaji asiwekwe katika hali duni ya haki za kazi kwa sababu ya ugeni wake. Katekisimu nayo inakiri kwamba mamlaka za nchi zinaweza kuweka masharti ya kisheria, na kwamba mhamiaji anawajibika kuziheshimu sheria za nchi iliyompokea. Sisi wenyewe tunayo Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015, inayomtaka mgeni awe na kibali kabla ya kufanya kazi Tanzania. Kuweka masharti si dhambi. Sharti linalomfanya mfanyakazi amtegemee bosi mmoja kiasi cha kuogopa kudai ujira wake ndilo linalopaswa kukosolewa, liwe la London au la Dodoma.

Kuna jambo la pili, nalo linatugusa karibu zaidi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya mwaka 2023, alisisitiza uhuru wa kuchagua kuhama au kubaki. Kubaki ni uhuru pale tu nyumbani panapokuwa na kazi yenye staha. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2023, liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kwa sababu hiyo Uingereza imejiwekea kanuni ya kutowafuata wahudumu wetu ili kuwashawishi waende kwake, ingawa mmoja mmoja anaweza kuomba kazi kwa hiari yake. Sisi tunaopanga foleni kwenye hospitali zetu twajua thamani ya muuguzi mmoja. Anapoondoka, tusimlaumu kabla hatujauliza kama hapa alipata ajira.

Basi tufanye nini katika familia na parokia zetu?

Kwanza, tuhesabu kwa ukweli. Familia inayouza mifugo iuze kwa ajili ya elimu, ikijua kwamba elimu ndiyo inayonunuliwa. Kazi ya ughaibuni haimo katika bei hiyo. Kama masomo hayo hayatamfaa mtoto akirudi Mwanza au Bariadi, ni vema kutafakari upya. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, mwanafunzi aanze mapema. Orodha ya waajiri wenye leseni hutolewa na serikali ya Uingereza hadharani, bila malipo. Aisome angali masomoni, na si mwezi wa mwisho wa viza. Mwanafunzi aliyepata mdhamini anaweza kuhamia viza ya kazi moja kwa moja, ilimradi kazi isianze kabla hajakamilisha kozi.

Tatu, tuwakatae madalali wa vyeti vya udhamini. Tozo ya ujuzi anayotozwa mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi. Anayemwambia mzazi atume mamilioni ili mtoto apate cheti, ama anauza kisichokuwepo, ama anamwingiza mtoto katika udanganyifu utakaomfungia mlango kwa miaka mingi. Vilevile, njia ya kuajiri watoa huduma kwa wazee na wagonjwa kutoka nje ya Uingereza ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Asitokee mtu kuiuza leo kama ingali wazi.

Nne, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, tujifunze kumpokea anayerudi. Kijana ambaye viza yake imekwisha ana njia mbili: kurudi kwa amani, au kubaki mafichoni bila hati, akifanya kazi kwa yeyote atakayemlipa chochote. Mara nyingi kinachomsukuma kwenye njia ya pili ni aibu, wala si tamaa. Anawaza ng'ombe waliouzwa na Misa ya shukrani iliyosomwa, na anayasikia masikioni maneno ya majirani: amerudi mikono mitupu. Maneno hayo yanatoka vinywani mwetu, nasi tuna uwezo wa kuyazuia.

Tunapendekeza kwamba wanajumuiya waliomwombea kijana siku ya kuondoka wamwombee pia siku ya kurudi, kwa shukrani ile ile na bila kuhesabu mabegi. Mzazi mwenye mtoto ughaibuni naye ampigie simu wiki hii bila kutaja fedha. Amwulize viza yake inaisha lini na mwajiri wake anamtendea vipi. Kisha amwambie waziwazi kwamba nyumbani mlango uko wazi, hata kama zizi ni tupu.