Mamilioni kwa Bastola Iliyoota Kutu: Wanunua Nini?

Yapata mwaka 1960, mkulima mmoja wa Ufaransa aliokota bastola shambani, karibu na mji mdogo wa Auvers-sur-Oise. Ilikuwa imeliwa na kutu hata haifai kitu. Hata hivyo hakuitupa. Aliipeleka kwa wenye ile nyumba ya wageni ambamo mchoraji Vincent van Gogh alikata roho Julai 29, 1890, siku mbili baada ya kuingiwa na risasi mwilini. Watu wakaanza kukisia, na makisio yakakaa miaka mingi. Mnamo Juni 19, 2019 chuma hicho kilipigwa mnada mjini Paris kwa yuro 162,500. Kitu ambacho fundi wa jua kali pale Kamukunji angekipima kwa kilo!

Bila shaka msomaji atauliza kama watu hawa wana akili timamu. Mimi nami niliuliza hivyo hivyo. Lakini ukiwafuata polepole wapenzi wa bastola kuukuu utaona kwamba wana hesabu zao, na kwamba hesabu hizo zinatuhusu hata sisi huku nyumbani, tena kwa njia iliyo chungu kidogo.

Hebu tuilinganishe bastola ile na ndugu yake. Julai 10, 1873, mshairi Paul Verlaine alinunua bastola asubuhi katika duka moja la silaha mjini Brussels. Kabla siku haijaisha alikuwa amekwisha mpiga nayo risasi ya mkono rafiki yake, Arthur Rimbaud, ambaye naye alikuwa mshairi. Verlaine alifungwa jela. Novemba 30, 2016 bastola hiyo iliuzwa Paris kwa yuro 434,500. Sasa tazama: bastola hizi mbili ni za mtindo mmoja, ule uitwao Lefaucheux, na risasi zake ni za upana mmoja, milimita 7. Zote mbili ni za karne moja na zilimwaga damu za watu maarufu. Kwa nini basi moja ipite nyingine karibu mara tatu?

Ni kweli ile ya Verlaine haikulala udongoni. Lakini jambo kubwa zaidi ni karatasi. Ya Verlaine ina daftari la duka, ina polisi, ina mahakama. Ile ya Van Gogh ina kutu tu, na mkulima, na masimulizi. Wataalamu walisema kwamba kutu ile yaonyesha chuma kilikaa ardhini miaka mingi, na kwamba upana wa risasi walingana na ule aliouandika daktari. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi kwa kiapo. Wapo waliojitokeza waziwazi kupinga mnada ule, wakisema hakuna linalothibitisha kwamba hicho ndicho chombo chenyewe. Hata hivyo mnunuzi alilipa. Alinunua "huenda".

Asiyekuwa na "huenda" hulipwa vizuri zaidi. Agosti 27, 2021, huko Los Angeles, bastola ya Colt ambayo mkuu wa polisi Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mnamo Julai 14, 1881 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Colt za namna ile zilitengenezwa kwa maelfu. Ukiondoa jina la Garrett, utabaki na bastola nzuri ya zamani ambayo mwalimu mstaafu wa Marekani aweza kuinunua akijinyima kidogo.

Na wako wengi wa aina hiyo ya mwalimu mstaafu. Hao ndio wapenzi wa kweli, si matajiri wa minada. Utamwona mtu anapekua masanduku ya marehemu, anazunguka magulio, anaamka alfajiri kwa ajili ya bastola ya Luger iliyoletwa na askari fulani kutoka vita vya Ulaya. Akiipata huipindua-pindua kama mnunuzi wa mbuzi. Luger ilipigwa namba, na tarakimu za mwisho za namba hiyo zikarudiwa katika vipande vyake vidogo vidogo. Namba zikipatana zote, mzee hutetemeka kwa furaha, maana chombo ni kile kile kilichotoka kiwandani. Kipande kimoja kikiwa na namba ya kigeni, bei huanguka. Ole wake mwenye nyumba aliyeisugua kwa mchanga ili ing'ae kabla ya kuiuza, kwa kuwa rangi ile ya kiwandani ikishatoka hairudi tena, na wanunuzi hurudisha pochi mfukoni.

Nasema hivi bila dhihaka. Furaha ya kuokota kitu kilichosahauliwa ni furaha ya kila binadamu. Anayeokota rupia ya Wajerumani shambani Taveta huionyesha kijiji kizima. Tofauti ni kwamba rupia haiui mtu.

Kwa sababu hiyo serikali zimehangaika sana na jambo hili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 iliweka mpaka: silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni kitu cha kale. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka huo huo, iliruhusu mtu kuweka silaha ya kale bila cheti mradi aiweke kama pambo au kitu cha kutazamwa. Baada ya watoto wa shule kuuawa Dunblane mwaka 1996, bastola karibu zote zilipigwa marufuku nchini humo, lakini za kale zikaachwa mlango. Wahalifu wakauona mlango huo. Walitafuta bastola za enzi ya Malkia Victoria na kutengenezewa risasi kwa mkono, na mwaka 2021 serikali ikalazimika kuziondoa aina kadhaa katika orodha ya vitu vya kale. Chombo kilichopigiwa saluti kama pambo kilikuwa kimerudia kazi yake ya zamani.

Turudi kwetu. Hapa Kenya hakuna gulio la bastola, wala mimi siliombi lije. Tuna magobori ya pwani, yale ya kushindiliwa baruti kwa mdomo. Pia kwenye mlima wa Salaita, uliopiganiwa Februari 12, 1916, maganda ya risasi yangali yakiokotwa. Lakini bastola ni jambo lingine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye silaha awe na cheti. Chukua mfano wa mtu wa Nyeri anayebomoa jiko la marehemu babake, akakuta bastola imefungwa kwa ngozi juu darini. Unadhani ataipeleka makumbusho? Ataitumbukiza chooni usiku huo huo, na mkewe hataambiwa.

Hofu hiyo haikuzaliwa jana. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, kupatikana na bunduki au hata risasi moja kulitosha kumpeleka mtu kitanzini. Watu 1,090 walinyongwa katika miaka ile, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua. Wapiganaji wa msituni walipungukiwa na silaha hata wakajiundia wenyewe: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likapiga risasi, na mpira wa gurudumu ukawa springi. Baadhi ya bunduki hizo ziko leo katika makumbusho ya Uingereza. Askari waliozikamata walizichukua kama ukumbusho, kama vile Mmarekani alivyobeba Luger ya Mjerumani. Kwa hiyo mapenzi haya ya kuokota silaha ya adui na kuipeleka nyumbani tunayajua. Sisi tulikuwa upande wa walionyang'anywa.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kama thamani ya bastola kuukuu ni karatasi zake, basi bastola moja yenye karatasi nzito kuliko nyingi tulizozitaja ni ya Kenya. Alfajiri ya Oktoba 21, 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi ya paja na kukamatwa karibu na ukingo wa msitu huko Nyeri. Novemba mwaka huo alisimama mbele ya Jaji Mkuu, Sir Kenneth O'Connor. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola moja ya Webley Scott, ya .38, na risasi sita. Yeye alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Februari 18, 1957 alinyongwa na kuzikwa ndani ya gereza la Kamiti.

Nakala ya kesi hiyo, ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa imepotea, ilichapishwa kitabuni mwaka 2017. Ukiisoma kwa macho ya mpenzi wa bastola utashtuka. Jina la mwenyewe limo, na mahali, na siku, na mashahidi walioapa, na hukumu ya mahakama kuu. Verlaine alipata daftari la duka. Kimathi alipata Jaji Mkuu wa koloni. Madalali wa Los Angeles wangeomba nini zaidi?

Tuseme basi bastola ya namna hii itokeze kesho kwenye meza ya mnada Ulaya. Kenya itasema nini? Ufaransa ilijibu swali kama hilo mwaka 2024. Bastola mbili ambazo Napoleon, inasemekana, alitaka kujiulia mwaka 1814 zilikuwa karibu kuuzwa mjini Fontainebleau. Serikali ikazitangaza kuwa hazina ya taifa na kuzuia zisitoke nchini ili ipate muda wa kuzinunua. Ziliuzwa Julai 7 kwa yuro milioni 1.69, lakini mnunuzi hakupewa ruhusa ya kwenda nazo.

Sisi tuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Sheria hiyo inakihesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka 1895! Ndio mwaka Mwingereza alipotutangaza kuwa chini ya ulinzi wake. Kwa kipimo hicho gobori la Mwarabu ni kitu cha kale, lakini bunduki ya bomba la maji kutoka Nyandarua si kitu cha kale, wala bastola iliyomnyongesha Kimathi. Ili kulindwa zahitaji Waziri azitangaze kwa jina. Sidhani waliotunga sheria walikusudia kuiacha nje miaka yote ya ukoloni, lakini ndivyo ilivyo, na ingefaa Bunge lirekebishe.

Kuna na lingine. Mwaka 2016, na tena Juni 2021, serikali ilichoma moto huko Ngong silaha haramu zaidi ya 5,000 kila mara. Kazi njema, na wanaoishi kwa hofu ya wezi wa ng'ombe hawana haja ya kusikia maneno yangu. Lakini ningefurahi kusikia kwamba kabla ya petroli kumwagwa, mtaalamu wa makumbusho hupewa siku mbili za kupita kwenye rundo lile na kusoma namba. Tena ningefurahi zaidi kama yule mtu wa Nyeri angepewa njia ya kuikabidhi bastola ya darini bila kuulizwa maswali ya kituoni, ila swali moja tu: marehemu babako aliitoa wapi?

Katika Barabara ya Kimathi, Nairobi, sanamu ya mzee huyo imesimama tangu Februari 2007. Mkono wa kulia ameshika bunduki, wa kushoto kisu. Ile bastola ya hati ya mashtaka haimo.